Miezi ya Usingizi ya Placide

Wahenga waliposema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, hawakuwa na maana kwamba nyama ni ya mwenye nguvu au ya mwenye njaa kuliko wenzake. Walitaka tuelewe kwamba siku ya nyama huwafikia watu wote pamoja, lakini humshibisha yule tu aliyekinoa kisu chake siku ambazo hapakuwa na cha kukata. Placide wa Sange aliijua methali hii tangu shule ya msingi, na aliweza kuieleza vizuri mbele ya watu. Kuijua hakukumsaidia.

Sange ni mji mdogo ulionyooka kando ya barabara kuu ya bonde la Ruzizi, mpunga na mihogo vikiuzunguka pande zote. Mwishoni mwa mji huo, karibu kabisa na barabara, Placide alikuwa na jengo la mabati. Ndani yake palikuwa na moteri ya mazuti, yaani injini ya dizeli, na mashine ya kukoboa mpunga, vikiunganishwa na mkanda mrefu uliozunguka juu ya magurudumu mawili ya chuma. Mwezi wa sita na wa saba, mavuno yalipoiva, watu walifika kutoka Lubarika na vijiji vingine wakiwa na magunia vichwani na juu ya baiskeli. Mashine ilinguruma kutwa, vumbi jeupe likatanda hadi kwenye kope za watu. Kwa miaka tisa upande ule wa mji haukuwa na mashine nyingine iliyofanya kazi, na Placide alikuwa akisalimiwa kama chifu.

Baada ya hapo magunia yalipungua kama maji ya kijito wakati wa kiangazi. Kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, pengine wateja watatu walikuja kwa wiki, pengine hata mmoja hakuja. Placide aliiita hiyo miezi ya usingizi. Alifunga mlango wa mabati, akatundika ufunguo kwenye msumari, akabeba kiti chake hadi barazani. Asubuhi alicheza dame, yaani drafti, na majirani, na baada ya chakula cha mchana alijinyoosha kama mamba aliyeshiba juu ya mchanga wa Ruzizi. Hakuwa mtu mbaya. Aliimba kanisani, hakumpunja mteja hata kikombe kimoja cha mchele, na ndugu aliyefiwa alijua wa kumwendea. Aliamini tu kwamba pasipo mteja hapana kazi.

Aliyeendesha mashine hiyo alikuwa Emery, kaka mdogo wa mkewe Generose, kitinda mimba wa kwao. Emery alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, msikivu, fundi aliyejifunza mwenyewe kwa kutazama. Alikuwa akiegemeza sikio kwenye chuma kama muuguzi anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Mwezi wa tisa wa mwaka ule alimweleza Placide kwamba beringi inayoshika mhimili mkubwa, ambayo mafundi wa huko huiita rulema, ilikuwa imelika. Mhimili ulitikisika, na kwa sababu hiyo mkanda ulikuwa ukihama kidogo kidogo kutoka kwenye gurudumu lake. Zaidi ya hayo mkanda wenyewe ulizunguka wazi, bila kizuizi chochote cha kuwakinga watu. Yote hayo yangehitaji siku mbili za kuifungua mashine, na rulema mpya kutoka Uvira.

Placide alisema wataona. Mwezi wa kumi alisema wiki ijayo. Mwezi wa kumi na mbili alisema hakuna anayeshika spana wakati wa Noeli.

"Shemeji, sasa hakuna muntu anatungojea," Emery alimwambia siku moja ya mvua, wakiwa wawili tu barazani. "Tufungue mashini siku mbili tu. Mavuno yakifika hatutapata hata saa moja."

"Chuma kinacholala hakiharibiki," Placide alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye dame. "Weye pumzika. Mpunga ukija, tutajua."

Wakati huohuo jambo moja lilikuwa limewashangaza watu wa Sange. Ng'ambo ya barabara, mkabala na Placide, palikuwa na mashine nyingine kuukuu iliyokufa miaka mingi, popo wakiishi ndani yake. Mwezi wa kumi mwanamke mmoja aliikodi. Aliitwa Asha Ngongo, mjane kutoka mtaa wa Kimanga mjini Uvira, ambaye ukoo wake ulikuwa ukifanya biashara kandokando ya ziwa tangu enzi za mababu. Yeye mwenyewe alikuwa ameuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na mchele tangu usichana wake. Watu walijiuliza ni nani mwenye akili timamu anayefungua mashine ya mpunga wakati mashambani hamna hata suke moja. Placide alicheka mpaka machozi yakamtoka. Aliwaambia wenzake kwamba mama yule alikuwa akitandika kitanda cha arusi kabla bwana arusi hajazaliwa.

Asha hakumjibu mtu. Aliifungua mashine yote, akabadilisha kilichochakaa. Akamwita fundi wa kuchomelea, na mkanda ukajengewa kizimba cha chuma. Nyuma ya jengo alimwaga saruji iwe sakafu ya kuanikia. Kisha, mara mbili kwa wiki, hata mvua iliponyesha, alipanda pikipiki hadi Lubarika na vijiji jirani, akaketi na wanawake walimao mpunga, akawauliza ni kitu gani huwaumiza wanapokwenda kukoboa. Walimwambia: mchele unakatikakatika, una vijiwe, na wanashinda juani na watoto mgongoni wakingoja zamu. Aliporudi alijenga kibanda chenye mabenchi, akaagiza chekecheke ya kutenga mawe. Mwezi wa tatu alimleta muuguzi awafundishe wafanyakazi wake wanne jinsi ya kuizima moteri upesi na kufunga jeraha. Wafanyakazi hao walifundishwa hata wakachoka. Waliona haya kufungana vitambaa mikononi wakati hakuna aliyeumia.

Generose aliyaona yote hayo kutoka mlangoni kwake. Alimweleza mumewe, akamweleza tena. Placide alimjibu kwamba mwanamke yule anacheza, na mchezo utamwishia. Mara ya tatu Generose hakusema kitu. Aliyameza maneno yake kama mtu anayemeza mwiba wa samaki.

Mwezi wa sita ukafika. Jumatatu ya kwanza ya mavuno Placide aliamka mapema, akavaa shati lililopigwa pasi, akafungua mlango wa mabati kwa mikono miwili. Emery aliwasha moteri. Haukupita muda, baiskeli za kwanza zikaonekana barabarani, zimelemewa magunia. Placide aliinua mkono kuwapokea wenyewe. Walimsalimu kwa heshima, wakavuka barabara.

Alidhani amekosea kuona. Likaja kundi la pili, nalo likavuka. Likaja la tatu. Kufikia saa sita mchana mashine yake ilikuwa imekoboa magunia mawili, na ng'ambo watu walijaa hadi nje ya kibanda. Ndipo akamwona Olga, mwanamke wa Lubarika ambaye kwa miaka yote tisa hakuwahi kupeleka mpunga wake kwingine. Olga alikuwa akisukuma baiskeli huku akitazama chini, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Placide alimkimbilia, akashika usukani wa baiskeli, akamuuliza amemkosea nini.

"Papa Placide, usikasirike," Olga alisema polepole. "Kule ninakaa kwenye kivuli, na mchele unatoka bila mawe. Yule mama alitufikia mu mvua, akatuuliza. Weye miaka tisa hujatuuliza kitu."

Placide aliuachia usukani. Alibaki katikati ya barabara, hata dereva wa basi dogo akalazimika kupiga honi mara tatu ndipo akasogea.

Siku iliyofuata alipunguza bei kwa nusu. Watu walio na haraka na wale wasio na kitu walianza kurudi, na kufikia Alhamisi uwanja wake ulikuwa na watu tena. Lakini mashine haikuwa imezoea kulazimishwa hivyo, nayo rulema ilikuwa imekwisha kabisa. Mkanda uliteleza kila baada ya saa moja. Emery aliusukuma kwa kijiti urudi mahali pake, akaupaka ulimbo ushike. Asubuhi hiyo alimwomba shemeji yake siku mbili. Alipokataliwa aliomba siku moja. Mwishowe aliomba nusu siku. Placide alitazama uwanja ule aliokuwa ameupata kwa taabu, akamwambia kwamba wakizima sasa watu wote watavuka barabara na hawatarudi. Emery alirudi kwenye mashine.

Ilikuwa yapata saa nne. Placide alikuwa akifunga mdomo wa gunia, hatua sita tu kutoka kwenye mkanda. Alisikia sauti kama ya turubai linalopasuka. Mkanda uliruka ukingoni mwa gurudumu, Emery akanyoosha kijiti kuurudisha, nao ukamnasa mkono wa shati. Hakukuwa na nafasi hata ya kupiga kelele. Mashine iliuvuta mkono wake kama mtu anavyovuta kamba.

Vumbi jeupe la pumba lilibadilika rangi. Placide aliliona likiwa jekundu, na hakuelewa anachokitazama. Watu walipiga mayowe kwamba azime moteri. Alielewa kwamba wanasema naye. Alitaka kuizima. Lakini alisimama pale, macho yamemtoka, kwa sababu hakujua mahali pa kuizimia. Kwa miaka tisa moteri ile ilikuwa yake, na hakuwahi hata siku moja kuizima kwa mkono wake.

Generose alitokea mlangoni, akaona. Hakumkimbilia mumewe. Alivuka barabara bila kutazama magari, akaingia kwa Asha, na kabla hajamaliza kusema, msichana mmoja mfanyakazi wa Asha, aitwaye Shalom, alikuwa amekwisha kutoka mbio. Shalom alipita katikati ya watu, akafika kwenye moteri, akafunga mazuti. Gurudumu lilizunguka mara chache, likasimama, na watu wakamnasua Emery. Msichana yule alikitoa kitambaa kichwani mwake, akaufunga mkono wa Emery juu ya kiwiko, akauinua juu, akamwambia kijana aendelee kumtazama usoni. Sauti yake ilitetemeka, lakini vidole vyake vilijua la kufanya.

Asha naye alisimamisha mashine yake, uwanja ukiwa umejaa watu na magunia. Gari lililokuwa likipakiwa mchele wake aliamuru lipakuliwe. Magunia yalitupwa chini, mengine yakapasuka, na Emery akalazwa nyuma ya gari. Placide alipanda, akamshika mabega. Njia nzima hadi Uvira hakumwachia. Walipita kwenye miwa ya Kiliba jua likiwaka.

Hospitalini walimkata Emery vidole vitatu vya mkono wa kulia. Daktari alipotoka alieleza kwamba mkono ule ungechelewa kufungwa kidogo tu, wangempokea maiti. Akauliza ni nani aliyeufunga vizuri namna ile. Placide alisema ni msichana wa ng'ambo ya barabara. Msichana yule alikuwa amefanya kazi mkabala na mlango wake kwa miezi minane, na hakujua jina lake.

Kesho yake Placide na Generose, aliyekuwa amewafuata hospitalini, walirudi Sange kuchukua nguo na chakula cha mgonjwa. Placide alidhani kwamba mambo ya kumshtua yamekwisha. Generose alimshika mkono, akamwongoza hadi kwenye chumba kidogo cha kuwekea vyombo, kilichopakana na mashine. Alinyanyua ndoo mbili, akatoa kisanduku cha karatasi ngumu, akakifungua mbele ya macho yake. Ndani, ikiwa imezungushiwa karatasi yenye mafuta, iling'aa rulema mpya.

"Emery aliinunua mwezi wa kwanza, kwa mfuko wake," Generose alisema. "Alikwenda Uvira mwenyewe. Alisema atakuonyesha siku utakapokubali kufungua mashini. Minye nilijua, na nilinyamaza. Hiyo nitaibeba minye. Lakini ile ya kukataa ni yako."

Placide alikitazama kile chuma kidogo. Tangu mwezi wa kwanza hadi wa sita kilikuwa kimelala hatua kumi na mbili kutoka mahali pa kazi yake. Februari, Machi, Aprili na Mei, alipokuwa barazani akisukuma vifuniko vya chupa juu ya ubao wa dame, kilikuwa humo. Aliketi sakafuni kati ya ndoo, na Generose hakumwinua.

Mwaka ule hakuiwasha tena mashine. Mavuno yote yalivuka barabara mbele ya macho yake, naye hakulalamika. Jumapili moja baada ya ibada alikwenda kwa Asha kumshukuru, akitarajia kusutwa. Asha alimpa kiti na chai, akamuuliza habari za mgonjwa. Placide alimuuliza jambo lililokuwa likimkosesha usingizi: ilikuwaje akawafundisha watu kufunga majeraha mwezi wa tatu, wakati hakukuwa na kazi wala mtu aliyeumia?

"Ndiyo wakati wenyewe, Papa Placide," Asha alimjibu. "Siku ya damu hakuna darasa."

Emery alipotoka hospitali, Asha alimwomba aje awe msimamizi wa mashine yake. Aliomba waziwazi, mbele ya Placide, ili isije ikaonekana anaiba mtu. Placide alimwambia shemeji yake kwamba hana haki ya kumzuia, na kwamba akienda ataenda na baraka. Emery aliomba apewe muda. Wiki kadhaa alizunguka nyumbani, mkono umefungwa kitambaa cheupe, akijifunza kula na kuandika kwa mkono wa kushoto. Placide alishindwa kumtazama mezani.

Mwezi wa tisa, mvua za kwanza zilipoanza, Placide alikwenda chumbani kwa kijana yule akabisha hodi kama mgeni. Alimwomba msamaha. Hakutaja Mungu wala bahati mbaya. Alisema tu kwamba aliombwa siku mbili katika miezi tisa, akakataa. Kisha akamwomba amfundishe mashine, tangu skrubu ya kwanza hadi ya mwisho.

Emery aliutazama mkono wake wa kulia.

"Nitakufundisha," alisema mwishowe. "Lakini mikono itakuwa yako."

Wakaanza. Emery aliketi kwenye kigoda akionyesha kwa mkono wa kushoto, na Placide, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, alipiga magoti katika mafuta machafu. Alifungua kwa kukosea, akafunga kinyume, akaambiwa afungue tena. Kucha zake zilikuwa nyeusi hata kanisani. Rulema mpya ilipoingia mahali pake, mhimili ukazunguka bila kutikisika, alitoka nje akasimama nyuma ya jengo, akalia kimyakimya. Baada ya hapo alimwita mchomeleaji, kizimba cha chuma kikajengwa kuuzunguka mkanda. Akajifunza kuizima moteri akiwa amefumba macho. Akamwomba Asha ruhusa ya kumwita Shalom amfundishe kufunga jeraha, na Asha akamruhusu.

Alikwenda Lubarika pia, kwa miguu na kwa baiskeli, katika matope ya mwezi wa pili. Wanawake wengine walimpokea, wengine walikataa hata kumpa kiti. Olga alimsikiliza hadi mwisho, na badala ya kumweleza habari za mpunga akamuuliza mkono wa kijana ulikuwa namna gani. Placide alimweleza yote bila kujitetea, pamoja na habari ya kile kisanduku. Olga alishika mdomo. Wanawake waliokuwa pale waliacha kupepeta. Ndipo mmoja wao akamsogezea kigoda, wakaanza kumwambia aliyokuja kuyasikia.

Mavuno yaliyofuata hayakumrudishia enzi yake. Uwanja wa Asha ulijaa tangu alfajiri, na wengi hawakutazama hata upande wa pili wa barabara. Kwa Placide walifika wachache: mzee mmoja na binti yake, wanawake wanne wa Lubarika, na mvulana na mama yake waliotoka mbali. Emery, ambaye alikuwa ameamua kugawa siku zake kati ya mashine hizo mbili, alikuwapo asubuhi hiyo. Placide aliwasha moteri. Emery aliegemeza sikio lake karibu na chuma, akafumba macho, akasikiliza kwa kitambo. Watu wote walinyamaza, kwa maana hapakuwa na mtu katika Sange ambaye hakuijua habari ile.

"Iko sawa," Emery alisema. "Mimina."

Mzee aliinua gunia lake. Mchele ulitoka mweupe, mzima, bila jiwe. Placide aliupokea kwa mikono miwili, akaupitisha katikati ya vidole vyake kumi, mzee akimsifu. Ng'ambo ya barabara Asha alikuwa akila nyama nono ya miezi aliyoitumia bila kulala. Placide alikuwa amepata kipande chake kidogo, kwa kisu alichokinoa akiwa amechelewa, na gharama ya kuchelewa kwake ilikuwa imelipwa na mkono wa mtu mwingine. Hilo alilijua hadi mwisho wa maisha yake, na kila aliyemuuliza alimwambia bila kuficha: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.